Kufuli Hazihami Zenyewe: Barua ya Wazi kwa Halmashauri za Mkoa wa Ruvuma

Kwa Wakurugenzi Watendaji, Waganga Wakuu na Maofisa TEHAMA wa halmashauri zote za mkoa wa Ruvuma

YAH: KUPANDISHA MATOLEO YA KANZIDATA KATIKA VITUO VYETU VYA HUDUMA

Ndugu zangu,

Nawaandikia nikiwa Mbaha, nyumbani kwa mama, nimekaa kibarazani na ziwa liko mbele yangu. Nimezaliwa hapa Mbaha ilipokuwa bado chini ya Mbinga, miaka mingi kabla ya wilaya ya Nyasa kuanzishwa mwaka 2012. Kazi yangu ni kutunza kanzidata. Kwa miaka kumi na minne nimezisimika, nimezihamisha, nimezifufua zilipokufa, na moja niliiacha wazi kwa mikono yangu mwenyewe. Hiyo nitaieleza.

Mnaoishi huku mwambao mnaijua desturi hii. Mtu akipata ugonjwa asiotaka ujulikane, haendi zahanati ya kijijini kwake. Anaamka alfajiri, anapanda gari au boti kwenda Lituhi, Liuli, hata Mbinga mjini, na njiani akiulizwa anasema anakwenda kumsalimu shangazi. Hana ugomvi na muuguzi wa kijijini. Ila muuguzi ni binamu yake, aliyeketi naye kwenye benchi ni mkwe wake, na kitabu cha MTUHA kiko wazi mezani. Kwa hiyo anatoa nauli, anapoteza siku nzima ya shamba au ya kuanika dagaa, ili anunue umbali tu. Umbali huo ndio siri yake.

Sasa jina lake limeingia kwenye kompyuta, na kompyuta haina umbali. Kanzidata iliyofungwa vizuri inamtunzia siri kuliko daftari lolote. Ikiachwa wazi, kijana aliyekaa na simu yake popote duniani anaweza kuisoma orodha nzima, na nauli yote aliyotoa yule mtu inakuwa imekwenda bure. Hilo tu ndilo lililonifanya niandike. Mengine yote ninayosema humu ni ya kifundi, lakini yanatoka hapo.

Nianze kwa kuwaondolea hofu: sipingi kupandisha matoleo. Pandisheni. Tarehe 25 Januari 2003 mnyoo wa kompyuta ulioitwa Slammer ulizifikia seva zipatazo 75,000 duniani, nyingi kati ya hizo ndani ya dakika kumi za mwanzo, kwa kupitia tundu lililokuwa kwenye SQL Server 2000 ya Microsoft. Kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa Julai 2002, nusu mwaka nzima kabla. Walioumia ni wale waliosema “mfumo unafanya kazi, tusiuguse”. Hata leo maneno hayo nayasikia kila ninapokwenda. MySQL 5.7 iliachwa na watengenezaji wake Oktoba 2023, maana yake tundu jipya likigunduliwa ndani yake watengenezaji hawalizibi tena. PostgreSQL nayo, kila toleo kubwa hutunzwa miaka mitano kisha basi. Toleo la 12 lilifikia mwisho wake Novemba 2024. Mfumo unaweza kuwa unafanya kazi vizuri na wakati huohuo uko uchi.

Tatizo langu ni namna tunavyopandisha. Mkurugenzi anaamini, na mafundi wengi tunamwachia aamini, kwamba toleo jipya ni usalama zaidi, nukta. Ukweli ni kwamba toleo jipya halibebi kufuli zako zote, na matundu yako ya zamani mara nyingi linayabeba. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu hili ndilo lisiloelezwa kwenye vikao.

Chukueni PostgreSQL. Ndiyo inayobeba DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Tanzania inautumia nchi nzima. Huo wa kitaifa una wataalamu wake, siuzungumzii. Nazungumzia seva ndogo: ile iliyo chini ya meza ya mapokezi, ile ya mradi ambao wafadhili walishaondoka, ile ya AMCOS ya kahawa kule juu Umatengoni, ile ya SACCOS. Mle ndani kuna faili moja linaloitwa pg_hba.conf. Hilo ndilo mlinzi wa getini: linasema nani aingie, kutoka kompyuta ipi, kwa kuthibitishwa namna gani. Chombo cha kupandishia toleo, pg_upgrade, kinahamisha majedwali yote na taarifa zote, lakini faili hilo hakilihamishi. Ni kazi ya fundi kulipeleka mwenyewe. Na ukisimika PostgreSQL mpya kwa mkono bila kutaja namna ya uthibitisho, mlinzi mpya anaanza kazi na agizo la “trust”, yaani yeyote aliye kwenye mashine hiyo apite bila kuulizwa neno la siri. Programu yenyewe inakuonya kwa sentensi moja kwenye skrini nyeusi. Sentensi hiyo inapita huku fundi ana haraka, na watu thelathini wako kwenye foleni.

Huo ni upande wa kufuli. Upande wa matundu uko hivi. Toleo la 15 la mwaka 2022 lilileta ulinzi mzuri: mtumiaji wa kawaida hawezi tena kuunda vitu vyake kwenye eneo la pamoja la kanzidata. Ila ulinzi huo ni wa kanzidata zinazozaliwa upya. Kanzidata iliyopandishwa kutoka toleo la nyuma inabaki na ruhusa zake za zamani, kama zilivyokuwa. Unasoma kwenye tangazo kwamba tatizo limekwisha, unalala usingizi, na kwako halijakwisha. Maneno ya siri nayo ni vilevile. Toleo la 14 lilianza kuyahifadhi kwa njia imara zaidi bila kuombwa, lakini yale yaliyokwishahifadhiwa kwa njia dhaifu ya zamani hayabadiliki mpaka kila mtumiaji aweke neno jipya. Nani amewahi kuitisha watumiaji wote wa kituo wabadilishe maneno ya siri baada ya kupandisha toleo? Mimi nimeona mara moja tu.

MySQL ina mambo yake. Matoleo ya kabla ya 5.7 yalikuwa yakisimikwa na watumiaji wasio na jina, na kanzidata ya majaribio ambayo yeyote angeweza kuichezea. Ukipandisha toleo, watumiaji hao wanapanda nawe, kwa sababu nao ni taarifa ndani ya majedwali. Nimewahi kukuta akaunti ya namna hiyo imeokoka kupandishwa mara tatu, ina umri mkubwa kuliko mkataba wa fundi aliyekuwa akiitunza seva. Na kuna vituo vinavyoendesha huduma juu ya XAMPP, kifurushi kizuri sana cha mwanafunzi kujifunzia, ambacho mtumiaji mkuu wake anakuja hana neno la siri kabisa. Waliokitengeneza wanasema wazi kwamba si cha kuendeshea huduma. Kukipandisha toleo hakukigeuzi kuwa kingine.

Sasa lile langu. Mwaka 2019 nilipandisha seva ya kituo kimoja cha afya, mbali na mkoa huu, kutoka MySQL 5.5 kwenda 5.7. Katikati ya kazi programu iliniuliza: nibakize faili lako la mipangilio au niweke jipya? Nikajibu jipya, nikidhani jipya ndilo bora. Likaja faili linaloruhusu kanzidata isikilize kompyuta yake yenyewe tu. Hilo ni jambo jema, ila mapokezi, maabara na dirisha la dawa zote zikakatika. Ilikuwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Wamama walikuwa wamekaa mpaka uani. Mganga mfawidhi alisimama nyuma ya kiti changu, hakusema neno, na kule kunyamaza kuliniumiza kuliko kugombezwa. Nikaifungua kanzidata isikilize pande zote, nikampa mtumiaji ruhusa ya kuingia kutoka popote, nikaweka neno la siri jepesi alilolizoea karani. Nikajiambia: jioni nitarudi nifunge. Jioni umeme ukakatika, na asubuhi yake nilikuwa na basi.

Nilirudi baada ya miezi minane kwa kazi nyingine. Kumbe kifaa cha intaneti kilikuwa kimetobolewa mlango namba 3306 kuelekea kwenye ile seva, ili msaada utolewe kwa mbali. Kumbukumbu za seva zilikuwa na maelfu ya majaribio ya kuingia kutoka anwani za nchi nisizowahi kukanyaga. Hizo ni za waliokataliwa. Za waliokubaliwa hazikuwa zikiandikwa, kwa hiyo mpaka leo siwezi kuwaambia watu wa kituo kile kama kuna aliyesoma majina yao. Nimeishi na jambo hilo. Silitaji ili nionewe huruma. Nataka muone kwamba halikutokana na ujinga wala uovu. Lilitokana na kazi ya siku nzima kupangiwa asubuhi moja, na mtu mmoja kuachiwa peke yake.

Na majaribio ya namna hiyo hayabaki majaribio tu. Januari 2017 wahalifu walipita kwenye intaneti wakitafuta kanzidata za MongoDB zilizoachwa bila neno la siri. Walifuta makumi ya maelfu, wakaacha ujumbe wa kudai fedha mahali pa taarifa. Matoleo ya zamani ya MongoDB yalikuwa yakisikiliza pande zote bila kuambiwa, na matoleo mapya yalikwisharekebisha hilo. Lakini aliyepandisha toleo na kubakiza faili lake la zamani alibaki na mlango wake wa zamani. Mnaona? Mimi niliharibu kwa kukubali faili jipya, wao waliharibu kwa kubakiza la zamani. Hakuna jibu moja la kukariri. Ni lazima mafaili mawili yawekwe bega kwa bega na yasomwe mstari kwa mstari.

Nije kwenye bibi zetu, kwa sababu wao ndio kipimo ambacho vitabu vya ufundi havikijui. Bibi anafika dirishani, anaulizwa tarehe ya kuzaliwa, anajibu alizaliwa mwaka wa njaa fulani, au wakati meli fulani ilipokuwa ikitia nanga. Karani anaacha wazi. MySQL ya zamani ilikuwa ikinyamaza na kuandika sifuri: mwaka sifuri, mwezi sifuri, siku sifuri. Kuanzia 5.7 mipangilio ya kawaida ni mikali, tarehe ya sifuri inakataliwa. Basi fundi anahamisha taarifa, mistari ya wazee inagoma, na anafanya moja kati ya mawili. Au anazima ule ukali wote, na kwa kuuzima anafungulia kila takataka nyingine iingie kimyakimya: uzito uliokatwa tarakimu, namba ya kadi iliyofupishwa. Au anairuka mistari iliyogoma ili amalize. Akiiruka, bibi huyo hayumo tena. Shinikizo lake la damu la miaka sita halimo. Siku akija ataandikwa mgeni. Njia ya haki ni ya tatu na inachukua muda: kuitafuta mistari hiyo kabla ya siku ya kuhama, kuamua pamoja na waganga itaandikwaje, kuirekebisha kwenye kanzidata ya zamani, ndipo kuhama.

Majina nayo. Huku kwetu ng’ ni herufi ya kila siku. Alama ile ya juu ikiandikwa kwa baadhi ya simu huwa imepinda, ikiandikwa kwa kibodi ya kompyuta huwa imenyooka, na kwa kanzidata hizo ni herufi mbili tofauti. Seti ya herufi ikibadilika wakati wa kupanda, na MySQL 8.0 ilibadilisha ile ya kawaida, jina la mtu linaweza kutoka na alama ya kuuliza katikati. Na programu ikianguka kila inapoandikiwa jina lenye ng’ ya alama iliyonyooka, msilicheke. Hiyo ni dalili kwamba inachukua maneno ya mtumiaji na kuyabandika moja kwa moja kwenye amri ya kanzidata, na mwenye nia mbaya anaweza kuandika amri mahali pa jina. Tundu la namna hiyo halizibwi na toleo lolote la kanzidata. Linazibwa na aliyeandika programu.

Kuhusu nakala rudufu nina kisa kimoja tu, na kinatosha. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab, akiwa amechoka usiku, alifuta saraka ya kanzidata kwenye seva isiyo yenyewe. Wakakimbilia nakala zao. Nakala za kila siku hazikuwepo. Kanzidata yao ilikuwa PostgreSQL 9.6, lakini chombo cha kuchukulia nakala kilichokuwa kikiitwa kilikuwa cha 9.2, na chombo cha zamani hakiwezi kuisoma kanzidata mpya. Kila siku kilishindwa, kila siku kilituma barua pepe ya kueleza kwamba kimeshindwa, na barua zenyewe zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi aliichukua kwa bahati saa sita kabla, kwa shughuli nyingine. Taarifa za saa hizo sita walizipoteza. Hao ni watu ambao kazi yao ni programu, mchana na usiku. Sisi tunaotegemea karani abonyeze kitufe saa kumi jioni, ni nini kinatufanya tuamini nakala zetu zipo? Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa kwenye mashine nyingine na kufunguliwa ni faili tu lenye jina zuri.

Na nakala ile ya kabla ya kupandisha, inakwenda wapi baadaye? Mara nyingi inabaki kwenye flashi. Flashi hiyohiyo fundi anaichomeka stationery kuchapa ripoti, anampa mtoto atie nyimbo. Ndani yake mna kituo kizima. Haijafungwa kwa neno la siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya majibu ya aliyepimwa. Sheria hizo mbili zinaingia mpaka kwenye mfuko wa suruali ya fundi.

Sisemi kwamba halmashauri yoyote kati yenu imekosea. Sijakagua seva zenu. Naomba yafuatayo kwa sababu najua mazingira ya kazi, na najua maofisa TEHAMA wenzangu wanaombwa miujiza bila kupewa siku.

Ndugu Wakurugenzi, fundi akiomba siku mbili msimpe asubuhi moja. Tangazeni kwa kituo wiki moja kabla kwamba siku fulani mfumo utazimwa, na vitabu viandaliwe; wauguzi wetu wameandika kwenye vitabu miaka yote, siku mbili hazitawashinda. Msipange kazi hii Ijumaa mchana wala mwisho wa mwezi wa kufunga hesabu. Mpeni kifaa cha kutunza umeme kinachofanya kazi kweli, maana kanzidata inayokatikiwa umeme katikati ya kupanda haiko tena kwenye toleo la zamani wala jipya. MySQL 8.0 haina njia ya kuteremka kurudi 5.7, ukikwama, njia pekee ni nakala. Na asiwe peke yake. Mtu wa pili, hata kama hajui kanzidata, awe anasoma orodha kwa sauti na kuweka alama. Laiti ningekuwa na mtu wa pili mwaka 2019, angeniuliza jioni ile: ule mlango umeufunga?

Ndugu Maofisa TEHAMA, kabla ya kugusa chochote andikeni hali ilivyo: watumiaji wote na wanakoruhusiwa kutoka, anwani inayosikilizwa, mlango, mahali nakala zinapokwenda, na chombo cha nakala ni toleo gani. Iandikeni kwenye karatasi, ikae kwenye jalada la kituo, kwa sababu ninyi mtahamishwa. Fanyeni zoezi zima kwanza kwenye kompyuta nyingine kwa nakala. Programu ya zamani ikishindwa kuingia MySQL mpya kwa sababu ya njia mpya ya kuthibitisha neno la siri, mtamdai aliyeitengeneza aiboreshe. Mkiirudisha njia ya zamani, mjue mnanunua muda mfupi: kuanzia toleo la 8.4 imezimwa, na kwenye 9.0 imeondolewa kabisa.

Na kazi ikiisha, fundi asiondoke. Achukue kompyuta isiyo ya kituo, aunganishe kwa intaneti ya simu yake, ajaribu kuingia kwenye kanzidata ile bila neno la siri, kisha kwa neno la siri la zamani, kisha kwa akaunti ya karani akitaka kuona asiyostahili kuona. Mganga mfawidhi akae kando yake aone kwa macho. Ikifunguka, mfumo usiwashwe siku hiyo, hata kama foleni imefika uani.

Niko Mbaha mpaka mwisho wa mwezi huu. Halmashauri itakayotaka mtu wa pili wa kukaa kiti cha pembeni na kusoma orodha, initumie ujumbe kupitia ofisi ya mtendaji wa kata. Nitakuja kwa nauli yangu. Gari la Mbinga linapita hapa alfajiri, na wapo wengine humo ndani wanaokwenda kumsalimu shangazi.

Wenu katika kazi,

Fundi wa kanzidata, mzaliwa wa Mbaha